Mazoezi ya Wasio na Watu

Dada yangu anajua kuuguza. Naanza na hilo nisije nikaambiwa sina shukrani, maana yanayofuata si maneno ya mtu mwenye shukrani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Aliwauguza watoto wa watu homa, tumbo, mapenzi na uvivu, na wote walitoka mikononi mwake wakitembea kwa miguu yao. Alipostaafu, jina lilikataa kustaafu. Hata mimi niliyetoka naye tumbo moja namwita Matroni, na anaitika.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nashona, halafu naenda kutundika mwenyewe, kwa sababu pazia likitundikwa na mtu asiyelishona linaning'inia upande kama shati la mlevi. Nimetundika maofisini, kwenye kumbi za mikutano, na kwenye nyumba za watu wenye madirisha marefu kuliko akili zao. Mume wangu aliondoka zamani akaniachia cherehani, na kati ya hao wawili mwenye manufaa ndiye niliyebaki naye. Nina mtoto mmoja wa kiume. Ana familia yake mbali, na hunipigia simu kila Jumapili.

Uvimbe niliukuta nikiwa kazini. Nilikuwa najikuna pembeni mwa titi la kulia, kidole kikagonga kitu kigumu, kidogo kama punje ya kunde. Nilimaliza dirisha lile na mengine mawili, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesimama pale ananitazama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema ufanye nini ukiwa na nguo za mteja mkononi. Vipimo vilifuata, na baada ya vipimo nikaketi na Matroni mbele ya daktari wa upasuaji.

Daktari yule alikuwa mfupi, mpole, na alieleza mambo kama anayemweleza mtu njia ya kwenda sokoni. Njia ni mbili, alisema. Ya kwanza ni kuondoa titi lote. Ya pili ni kuondoa uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka, titi likabaki, lakini anayechagua kubaki nalo lazima apigwe mionzi, na hapo hakuna kubembelezana. Pale kwao walikuwa wameanza kupiga mionzi humo humo ndani ya upasuaji. Uvimbe ukishatoka, kichwa cha mashine chenye ukubwa wa limau kinaingizwa mahali ulipokuwa, kinapiga kwa nusu saa, kinatolewa, ndipo kidonda kinashonwa. Huenda kwangu hiyo ingetosha. Majibu ya maabara yakionyesha haitoshi, ningerudi kupigwa titi zima kila siku kwa wiki kadhaa.

Matroni alitaka litoke lote. Tulipofika nje alinishika mkono akaniambia uzima ndio mali. Una miaka hamsini na mitatu, akasema, hilo titi unamhifadhia nani, makumbusho? Nikamjibu ni langu. Sikuwa na jibu jingine na sikulitafuta. Hakuna mtoto aliyekuwa akilingojea wala mwanamume aliyekuwa akiliulizia, lakini nilikuwa nalo tangu nina miaka kumi na mitatu, na kati ya vitu vyote nilivyokuwa navyo wakati huo, hicho peke yake hakikuniondokea. Aliponiona nimekaza uso akauachia mkono wangu. Ukishaamua basi, alisema, nitakuuguza na hilo hilo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilipozinduka daktari alinieleza kwamba uvimbe umetoka, tezi kadhaa za kwapani zimetoka zikapimwe, na mionzi ya ndani nimeshapigwa. Matroni alisikia neno moja tu kati ya hayo yote. Alisambaza habari kwa simu kabla sijapewa hata maji ya kunywa: mionzi ameshapigwa, yamekwisha, sasa ni kupumzika.

Siku ya kutoka hospitali, wakati mimi nipo bafuni nahangaika na vifungo, alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimpa Matroni karatasi yenye picha sita za mwanamke anayeinua mkono, akamwambia tuanze kesho yake, taratibu, mara tatu kwa siku. Matroni alimshukuru, akaikunja karatasi, akaitia mkobani. Alivyowaza alikuja kunieleza baadaye, na namwamini. Aliwaza kwamba kuna wanawake wanatoka hospitali wakaingie moja kwa moja jikoni, wafue, wabebe ndoo, kwa hiyo hao ni lazima mkono ulegezwe haraka. Hayo ni mazoezi ya wasio na watu. Mdogo wake alikuwa na mtu.

Basi akahamia kwangu na sanduku lake na chupa yake ya chai, na mimi nikageuka mwana wa mfalme. Mkono wa kulia aliufunga kifuani kwa mtandio usije ukasahau ukafanya kazi. Alinichana nywele, alinivalisha, alinikatia mkate vipande vidogo vidogo. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, alikuwa ameshakishika. Nikisema nataka kufagia walau varanda, ananiambia mgonjwa haulizwi uji, na ufagio pia haulizwi. Majirani waliokuja kuniona walitoka wakisema nina bahati. Na mimi nilifurahi. Hapa sidanganyi, nitadanganya huko mbele. Tangu mama yetu afariki hakuna mtu aliyekuwa amenichana nywele.

Wiki ya tatu karatasi niliiona. Matroni alikuwa ametoka kwenda duka la dawa, nami nilikuwa natafuta kikata kucha kwenye droo alimopanga dawa zangu. Ilikuwa chini kabisa, ameitandika kama anavyotandika karatasi chini ya vitu vyote. Niliitoa, nikaisoma yote, maana mimi ni mtu wa vipimo na maelezo, siwezi kuona karatasi yenye namba nikaiacha. Chini ya picha ya sita iliandikwa kwa herufi nzito kwamba mgonjwa atakayehitaji mionzi lazima aweze kuinua mkono hadi juu ya kichwa na kulala hivyo bila kutikisika.

Nikafungua mtandio. Nikasimama ukutani kama yule mwanamke wa kwenye picha, nikaanza kutembeza vidole kupanda juu. Vilipofika usawa wa bega, kitu kilivuta kwapani kama uzi unapovutwa kwa nguvu na kitambaa kizima kikajikunja. Niliona nyota. Nilikaa kitandani nikalia kwa uchungu na kwa hofu kwamba nimepasua mshono. Halafu nikaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, nikairudisha chini ya dawa, nikajifunga mtandio kwa meno na mkono wa kushoto. Nilijiambia mionzi nimeshapigwa, huenda sitahitaji tena. Nilijiambia pia kwamba Matroni ndiye mwenye karatasi, na mwenye karatasi ndiye mwenye kujua. Aliporudi akaniuliza kama nimelala vizuri, nikamwambia nimelala.

Sikuigusa tena ile droo.

Wiki ya tano majibu yakatoka. Tezi zilikuwa safi, alisema daktari mfupi, na hilo tushukuru. Lakini ndani ya vijimirija vya maziwa, mbali kidogo na uvimbe ulipokuwa, walikuta mbegu za ugonjwa zimetapakaa kuliko walivyotarajia. Zilizoonekana alikuwa amezikata zote. Zisizoonekana ndizo zilizohitaji mionzi, na ile nusu saa ya ndani haikufika huko. Titi zima lilitakiwa kupigwa. Matroni aliuliza kama mionzi niliyokwisha kupigwa haihesabiwi, akajibiwa kwa upole kwamba inahesabiwa lakini haitoshi. Tukapangiwa kuonana na daktari wa mionzi wiki ya saba.

Chumba cha kupimia mionzi kilikuwa cha baridi na kisafi, na katikati palikuwa na mashine ya duara iliyosimama kama pete, na meza nyembamba inayoingia ndani yake. Fundi wa mionzi alikuwa dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alinilaza, akaniomba niinue mikono yote miwili nishike vishikio viwili nyuma ya kichwa. Wa kushoto ulikwenda. Wa kulia uliishia usawa wa bega ukagoma. Akadhani sijaelewa, akarudia. Nikamwambia ndio mwisho wake. Alijaribu kuusindikiza kwa mikono yake miwili, nami nikapiga kelele hadi mlango ukafunguliwa.

Daktari wa mionzi alikuwa mama mrefu asiyepoteza maneno. Alinieleza nikiwa bado nimelala pale mezani. Mkono ukibaki chini, mionzi itapita kwenye mkono kabla ya kufika kwenye titi, na kiwiko kikibaki nje, mimi siingii kwenye pete. Bila kupita kwenye pete hakuna vipimo, na bila vipimo hakuna mionzi. Akauliza kama nilipewa mazoezi. Nikageuza uso upande wa ukuta. Akaagiza aitwe aliyekuja nami.

Matroni aliingia amebeba mkoba wake na wangu. Daktari akarudia swali, na dada yangu hakutafuta pa kujificha hata kidogo.

"Nilipewa mimi," alisema. "Sikumwonyesha. Nilidhani ni ya watu wasio na wa kuwasaidia."

Daktari akanigeukia mimi.

"Wewe hukujua?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Nilikuwa nimelala chali, nusu uchi, mkono mmoja juu na mmoja chini. Nilimwona dada yangu amesimama na mikoba miwili, uso umemshuka, na nikaona kwamba tayari amekwisha kubeba. Mzigo uliokwisha kupandishwa kichwani mwa mtu mwingine ni mgumu kuuomba.

"Sikujua," nikasema.

Daktari alitoa hesabu yake bila kupandisha sauti. Mionzi inatakiwa ianze kabla ya wiki ya kumi na mbili tangu upasuaji. Kuchora vipimo na kuandaa mashine kunachukua wiki mbili, kwa hiyo nilikuwa na wiki tatu. Mkono ukifika juu, tunaanza. Usipofika, atanirudisha kwa daktari wa upasuaji aliondoe titi lote, kwa sababu tezi zangu ni safi, na titi likishatoka mionzi haitahitajika. Yeye hawezi kumwacha mtu akae na mbegu zile kifuani akisubiri bega. Nilimuuliza kama kuna hospitali nyingine. Alisema ipo moja yenye mashine ya pete pana, ameshawapigia, foleni yao ni ya miezi minne.

Tulipofika jikoni kwangu, kabla hajaweka mikoba chini, nilimwambia neno ambalo bado linaniamsha.

"Ulitaka litolewe tangu mwanzo. Sasa umepata."

Matroni alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa.

"Ningetaka litolewe ningekuambia usoni," alisema. "Na nilikuambia usoni. Ulipokataa, nililiuguza kama langu."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli nilizidi kupandisha. Nilimwambia amezoea kuendesha watoto wasio na baba wala mama karibu. Nilimwambia huruma yake ni ya kumwonyesha jirani. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nilisema, ila safari hii ninayelia ni mimi. Nilisema mengi, na kila nililosema lilinifanya nijione nimedhulumiwa zaidi, hadi nikafika mahali ambapo ile droo na kile kikata kucha nilivikumbuka kama kitu nilichohadithiwa na mtu. Uongo ni kama kiatu kipya, unabana siku ya kwanza. Kesho yake niliuvaa nikatoka nao.

Wiki tatu zile sitaki kuzikumbuka lakini nazikumbuka zote. Mara tatu kwa wiki nilikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi, mwanamume mnene mwenye viganja vya moto, ambaye tulimpa jina la Bwana Taratibu kwa sababu kila alipokuwa akikuua alikuwa akisema taratibu, taratibu. Aliniambia chini ya kwapa langu pamejitengeneza nyuzi, nyama imejishona yenyewe kwa sababu haikutumiwa. Kazi yetu ni kuifumua. Nilimwambia kufumua ni kazi ngumu kuliko kushona, akasema mimi ni mwenzake basi. Wiki sita nyuma, alisema, tungekuwa tunacheza tu. Alisema bila lawama, akatazama pembeni Matroni alipokaa, na Matroni akainamisha kichwa.

Nyumbani tulifanya mara tano kwa siku. Matroni alisimama nami ukutani, naye mkono juu, kana kwamba ni wake ulioganda. Alipika supu, akanipa kijiko mkononi nile mwenyewe kwa mkono wa kulia, akageuka asinione nikitetemeka. Kwapani palivimba, palipoa, pakavimba tena. Mkono ulipita bega, ukafika kidevuni, ukafika sikioni. Wiki ya pili nilianza kuamini, na nilipoanza kuamini nikawa mbaya zaidi kwake, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza tena. Maji ya kuoga yakiwa ya moto nilimkaripia, yakiwa ya baridi nilimkaripia. Alikubali yote. Aliyezoea kupiga kengele bweni zima likasimama, alikuwa akinyata ndani ya nyumba yangu.

Na alimwambia kila mtu. Hilo ndilo lililonimaliza. Majirani wakija kuuliza kwa nini mionzi haijaanza, kabla sijafungua mdomo yeye ameshasema: ni mimi, nilimficha karatasi. Alimwambia mwanangu kwenye simu. Mwanangu akanipigia pembeni akiwa amekasirika, akasema, "Mama, mama mkubwa arudi kwake. Nitakutafutia muuguzi."

Nikamwambia tumsamehe tu, alifanya kwa mapenzi. Akasema mama una moyo. Na majirani nao wakaanza kusema nina moyo. Sijawahi kusifiwa maishani mwangu kama nilivyosifiwa wiki zile.

Nilikaribia kumwambia mara moja. Tulikuwa tumemaliza zamu ya jioni, nimekaa kitandani, yeye amepiga magoti ananipaka mafuta begani. Bila kunitazama akaniuliza afanye nini ili nimtazame tena kama zamani. Neno lilifika mdomoni. Niliiona karatasi, dada, ilikuwa chini ya dawa, nikairudisha. Ni maneno machache hayo, mtoto wa chekechea anaweza kuyasema. Lakini kila siku iliyopita ilikuwa imeyaongeza uzito, na nilijua nikiyasema, hasira yangu yote itarudi kwangu, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kunipakia mafuta. Nikamwambia apake na upande wa nyuma.

Wiki ya kumi tulirudi kwenye chumba cha baridi. Nililala, nikainua. Mkono wa kulia ulipanda, ukapita sikio, kiganja kikagusa utosi, na fundi wa mionzi akatabasamu hadi miwani ikamshuka. Lakini kiwiko kilibaki nje. Hakikutaka kulala. Walinipandisha mto, wakaniondolea mto, wakanigeuza kidogo upande. Meza iliingia, na kiwiko kikagusa ukingo wa pete. Walipofanikiwa kukibana ndani kwa mkanda, niliweza kukaa hivyo kwa kuhesabu hadi arobaini, halafu mkono ukaanza kuruka wenyewe. Walihitaji robo saa bila kutikisika, na baada ya hapo kila siku kwa wiki nne. Tulijaribu mara sita. Mara ya sita nilikuwa nalia na fundi naye analia, na daktari mrefu amesimama mlangoni na mikono mfukoni.

"Imebaki kidogo sana," nikamwambia. "Nipe wiki moja."

"Ningekuwa nayo ningekupa," alisema. "Sina."

Aliniacha nivae. Nje kwenye benchi Matroni alinisoma usoni, akanyanyuka, akakaa tena.

Titi langu liliondolewa siku tisa baadaye. Daktari mfupi alisema kila kitu ni safi, mbegu zote zimekwenda nalo, sasa mionzi ya nini. Nusu saa ile ya kwanza waliyonipiga ndani ya nyama, kwa mashine iliyowagharimu miaka kuipata, nayo ilikwenda humo humo kwenye chombo cha maabara. Nilipozinduka nilipitisha mkono wa kushoto nikakuta bapa. Niliumia kuliko nilivyokuwa nimejiandaa kuumia, na niseme wazi kwamba nilimchukia dada yangu saa ile, na nilijichukia mimi, na sikuweza kuwatenganisha hao wawili.

Safari hii Matroni hakunipa nafasi. Karatasi mpya aliibandika ukutani kwa misumari minne. Siku ya pili tu nilikuwa nimesimama mbele yake. Alikataa kunifunga kifungo, alikataa kunikatia mkate. Nikilalamika alikuwa analia na anakataa huku analia. Wiki ya sita mkono wangu wa kulia ulisimama wima, umegusa sikio, kiwiko kimenyooka kama rula. Bwana Taratibu aliwaita wenzake waje kuuona. Ulikuwa mkono mzuri kabisa wa kupigiwa mionzi.

Ndipo Bwana Taratibu akapata wazo lake. Alisema wagonjwa wanaotoka wodini huwa wanakusanywa Alhamisi asubuhi pamoja na ndugu zao, wanapewa maelezo, wanaitikia, halafu wanakwenda nyumbani kufanya wanachokijua. Daktari akisema hawasikii. Lakini mtu kama Matroni akisimama akasema, watasikia. Nilidhani atakataa, mwanamke mzima ajitangazie kosa mbele ya wageni. Alikubali kabla sentensi haijaisha. Alisema ndiyo adhabu yake na ndiyo dawa yake, akaniomba niende naye.

Kwa hiyo sasa kila Alhamisi tunakwenda. Kuna chumba chenye viti vya plastiki na feni inayolalamika. Mimi nakaa mbele, yeye anasimama. Anasema kwa sauti ya bwenini, ile iliyorudi kwa ajili ya kazi hii tu. Anawaambia alipewa karatasi akaificha, alimpenda mdogo wake akamfunga mkono, na mkono ukamnyima mionzi, na mionzi ikamnyima titi. Kisha ananinyooshea mkono. "Na huyu hapa hakujua lolote," anasema. "Aliniamini mimi." Waume za watu wanakohoa. Akina mama wakwe wanatazama sakafu. Nimeona mabinti wakizitoa karatasi kwenye mikoba saa hiyo hiyo na kuanza kuzisoma.

Alhamisi iliyopita mstari wa pili alikaa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, ameukumbatia mkono wake wa kushoto kifuani kama anayembeba mtoto aliyelala. Karatasi alikuwa nayo yeye mwenyewe, ameikunja ndogo sana ndani ya kiganja. Ndugu zake wawili walikuwa wanamsikiliza Matroni kwa makini, wanatikisa vichwa, wanaapa kwa macho kwamba wao hawatafanya hivyo. Yeye hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi. Nilimjua. Nilijua kabisa atakachofanya na karatasi ile akifika ukutani na kile kitu kikavuta, na nilijua kwamba katika chumba kile hakuna mwingine anayeweza kumwambia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika hadi kwenye kiti cha mwanamke yule.

Matroni alipomaliza, Bwana Taratibu aliuliza kama kuna swali. Yule mwanamke akainua mkono, ule wa kulia, mzima.

"Nina swali kwa mgonjwa," alisema. "Dada yako umemsamehe?"

Chumba kizima kikanigeukia. Matroni pia alinigeukia. Tangu siku ile ya jikoni hakuwahi kuniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kumwambia, na nikaona kwamba amekuwa akisubiri jibu hili kila Alhamisi, amesimama mbele ya wageni na mikono ikiwa imeshikana kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Ana miaka sitini na minne. Nilifungua mdomo, nikamtazama yule mwanamke na kiganja chake kilichofumbwa, nikamtazama dada yangu.

"Nimemsamehe," nikasema.

Watu walipiga makofi. Yule mwanamke akainamisha macho, akaitia karatasi mkobani. Matroni alikuja hadi kwenye kiti changu, akainama mbele yao wote, akanishukuru.